Japani mwaka 1582: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka huu hutajwa zaidi kwa sababu ya alfajiri moja mjini Kyoto, ambapo jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi bwana wake, Oda Nobunaga, katika hekalu la Honnoji, na Nobunaga akafa humo. Maswali mengi yanahusu alfajiri hiyo, na yamejibiwa hapa kwa urefu. Yapo pia ya kabla yake na ya baada yake ambayo watu huyauliza kwa nadra, ingawa bila hayo kisa hakieleweki.

Kwa nini 1582, na si 1600 au 1603?

Mwaka 1600 ni wa vita vya Sekigahara, na 1603 ndio Tokugawa Ieyasu alipopewa cheo cha shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa nchi, kwa hiyo masimulizi mengi huanzia hapo. Lakini Ieyasu wa Januari 1582 alikuwa mshirika mdogo wa mtu mwingine. Aliyekuwa akiiunganisha Japani kwa upanga na bunduki za utambi ni Oda Nobunaga, na hakuna aliyetazamia kwamba mwaka ungekwisha yeye hayupo. Aliyesimamia mazishi yake alikuwa Hashiba Hideyoshi, mtu wa asili duni aliyepanda cheo kwa cheo katika utumishi wake, na ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Toyotomi Hideyoshi. Miaka 20 iliyofuata iliamuliwa kwa sehemu kubwa na swali moja: baada ya Nobunaga kufa, habari zilimfikia nani kwanza, na alifanya nini nazo?

Mbona tarehe hazilingani? Wengine husema 2 Juni, wengine 21 Juni, wengine 1 Julai.

Wote wanazungumzia siku ileile. Kwa kalenda ya Kijapani ilikuwa siku ya 2 ya mwezi wa 6, mwaka wa 10 wa enzi ya Tensho. Kalenda hiyo ilifuata mwezi mwandamo, na kila baada ya miaka michache iliongezwa mwezi mzima ili misimu isipotee. Kwa kalenda ya Julius, waliyoitumia Wareno wakati huo, siku hiyo ni 21 Juni. Ukiirudisha nyuma kalenda tunayotumia leo, unapata 1 Julai. Hapa, tarehe za kabla ya Oktoba zenye jina la mwezi, kama 3 Aprili, zinafuata kalenda ya Julius; penye “mwezi wa 5” au “siku ya 2 ya mwezi wa 6” ni kalenda ya Kijapani.

Na Oktoba ina kisa chake. Mwaka huohuo Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda, na katika nchi kadhaa za Kikatoliki watu walilala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Huko Japani, bila kujua lolote juu ya mambo ya Roma, Nobunaga naye alikuwa akigombana na wanajimu wa kasri la Kaizari kuhusu kalenda. Kalenda ya Kyoto iliuweka mwezi wa nyongeza baada ya mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, wakati kalenda iliyotumika upande wa mashariki iliuweka mwishoni mwa mwaka wa 10. Nobunaga alitaka ya mashariki ifuatwe. Alilizusha tena suala hilo mbele ya wakuu wa kasri siku ya kwanza ya mwezi wa 6, siku ambayo jua lilipatwa. Kesho yake alikuwa maiti.

Hali ilikuwaje mwaka ulipoanza?

Nobunaga alikuwa ameshika katikati ya nchi. Watawa wenye silaha wa mlima Hiei alikuwa ameshawateketeza mwaka 1571, na ngome ya watawa wa Honganji pale Osaka ilisalimu amri mwaka 1580 baada ya takriban miaka 10 ya mapambano. Makao yake yalikuwa Azuchi, kando ya ziwa Biwa, katika ngome aliyoanza kuijenga mwaka 1576, yenye mnara uliopambwa dhahabu na michoro.

Majemadari wake walikuwa wametawanyika kila upande. Shibata Katsuie alikuwa kaskazini akipigana na ukoo wa Uesugi. Hideyoshi alikuwa magharibi dhidi ya ukoo wa Mori. Niwa Nagahide, pamoja na Nobutaka, mwana wa tatu wa Nobunaga, walipangiwa kuvuka kwenda kisiwa cha Shikoku. Mtawanyiko huo ulionekana kuwa dalili ya nguvu, lakini ulimaanisha pia kwamba karibu na Kyoto palibaki jemadari mmoja tu mwenye jeshi kamili: Akechi Mitsuhide.

Mwezi wa 5 wajumbe wa Kaizari walifika Azuchi. Kasri lilikuwa tayari kumpa Nobunaga moja ya vyeo vitatu vikubwa kuliko vyote: shogun, waziri mkuu wa dola, au naibu wa Kaizari. Jibu lake halikuhifadhiwa popote, na wanahistoria wamelibishania mpaka wamechoka.

Ukoo wa Takeda uliangukaje kwa haraka hivyo?

Kwa watu wake wenyewe kuukimbia. Ukoo huu wa milima ya mashariki ulikuwa adui wa Nobunaga. Takeda Shingen alikuwa ameujengea jina la kutisha, na mwanawe Katsuyori akaurithi pamoja na madeni yake yote ya uhasama. Alishindwa vibaya Nagashino mwaka 1575. Mwaka 1581 aliiacha ngome ya Takatenjin ianguke bila kupeleka msaada, na hilo lilimharibia kuliko hata Nagashino, maana kila mlinzi wa ngome ya mpakani alijiuliza: na mimi nikizingirwa, nani atakuja?

Mapema 1582 Kiso Yoshimasa, shemeji yake Katsuyori, alihamia upande wa Nobunaga. Jeshi la Oda, likiongozwa na Nobutada, mwana mkubwa wa Nobunaga, likaingia mabondeni, na ngome zikaanza kufunguliwa moja baada ya nyingine. Anayama Baisetsu, ndugu wa karibu wa ukoo, naye akaenda. Mahali pekee palipopiganwa kwa dhati ni Takato, ambako Nishina Morinobu, mdogo wake Katsuyori kwa baba, alikataa kusalimu amri. Ngome ilianguka kwa siku moja naye akafa humo.

Katsuyori aliichoma ngome yake mpya ya Shinpu, ambayo hata haikuwa imemaliza mwaka, akakimbilia kwa Oyamada Nobushige, mmoja wa watu wa ukoo wake. Nobushige akamfungia njia. Tarehe 3 Aprili, chini ya mlima Tenmoku, Katsuyori alikufa pamoja na mwanawe Nobukatsu na mkewe, binti wa ukoo wa Hojo aliyekuwa na miaka 19 tu. Oyamada alipokwenda kujipendekeza kwa Oda aliuawa kwa usaliti wake. Katika hekalu la Erinji, watawa waliokataa kuwatoa wakimbizi walipandishwa juu ya lango la hekalu, likawashwa moto.

Nobunaga mwenyewe alifika vita vikiwa vimekwisha. Alirudi Azuchi polepole, akipita katika nchi ya Ieyasu na kuutazama mlima Fuji, kama mtu aliyeko matembezini.

Ni kweli kulikuwa na ishara mbinguni?

Mambo yenyewe yalitokea. Mwezi Machi anga liligeuka jekundu usiku. Wengine waliuhusisha wekundu huo na mlima wa volkeno wa Asama, na wataalamu wa leo wanaona ulikuwa mwanga wa ncha za dunia, ambao ni nadra kuonekana kusini kiasi hicho. Mwezi Mei ilionekana nyota yenye mkia. Luis Frois, Mreno wa shirika la Wajesuiti, wamisionari wa Kikatoliki, aliyeishi Japani miaka mingi, aliyaandika. Kuyaita ishara ni kazi ya waliojua mwisho wa kisa.

Hideyoshi aliizamishaje ngome ya Takamatsu?

Takamatsu hii ni ya Bitchu, karibu na mji wa leo wa Okayama, si ile ya Shikoku. Ilizungukwa na mabwawa na mashamba ya mpunga, kwa hiyo farasi na askari walizama kwenye tope kabla ya kuufikia ukuta. Hideyoshi aliamua kutumia udhaifu huohuo wa ardhi. Mwezi wa 5, mvua zikiwa zinakaribia, aliamuru lijengwe tuta na kuuelekeza mto Ashimori ndani ya bonde. Inasemekana kazi ilichukua siku 12, na kwamba tuta lilikuwa na urefu wa karibu kilomita 3. Baadhi ya watafiti wanaona urefu huo umetiwa chumvi, na kwamba mwinuko wa asili ulifanya sehemu kubwa ya kazi. Vyovyote iwavyo, maji yalipanda na ngome ikawa kisiwa.

Jeshi la Mori lilikuja kuokoa, likaishia kusimama upande wa pili wa ziwa likitazama. Mazungumzo yakaanza. Hideyoshi alidai ardhi, na pia kichwa cha mlinzi wa ngome, Shimizu Muneharu. Alipeleka ujumbe kwa Nobunaga kuomba msaada, na Nobunaga akamwamuru Mitsuhide apeleke jeshi lake magharibi. Ndiyo sababu Mitsuhide alikuwa na ruhusa ya kukusanya askari bila mtu kumshuku.

Nini hasa kilitokea Honnoji?

Nobunaga aliingia Kyoto siku ya 29 ya mwezi wa 5 akiwa na wapambe 20 au 30 tu, akafikia Honnoji, hekalu alilolizoea kama nyumba ya wageni. Alikuwa amebeba vyombo vyake vya thamani vya chai ili kuwaonyesha wakuu wa mjini. Siku ya kwanza ya mwezi wa 6 ilipita kwa wageni na mazungumzo. Nobutada alilala hekalu la Myokakuji, mwendo mfupi kutoka hapo.

Usiku huo Mitsuhide alitoka ngome yake ya Kameyama, nchi ya Tanba, na watu wanaokadiriwa kuwa 13,000. Badala ya kushika njia ya magharibi, aligeukia Kyoto. Ile kauli maarufu ya “adui yuko Honnoji” ni ya waandishi wa baadaye. Askari wengi hawakujua wanaenda kumpiga nani. Mmoja wao, aliyeandika kumbukumbu zake uzeeni, alisema alidhani wanatumwa kumshambulia Ieyasu.

Kulipopambazuka hekalu lilikuwa limezingirwa. Ota Gyuichi, aliyemtumikia Nobunaga na kuandika habari za maisha yake, anaeleza kwamba wapambe walidhani mwanzoni ni ugomvi wa watu wa chini huko nje. Kisha zikasikika kelele za vita na milio ya bunduki. Nobunaga aliuliza ni uasi wa nani. Mpambe wake Mori Ranmaru, ambaye si wa ukoo ule wa Mori wa magharibi, akajibu kwamba bendera zinaonekana kuwa za Akechi. Nobunaga akasema maneno mafupi yenye maana ya kwamba hapana la kufanya. Alipigana kwa upinde mpaka kamba ikakatika, akachukua mkuki, akajeruhiwa kiwikoni, akawaamuru wanawake watoke, kisha akaingia vyumba vya ndani huku moto ukienea. Gyuichi hakuwapo; anasema alisimuliwa na wanawake waliotoka, na kwangu mimi hilo linalipa simulizi hili uzito kuliko michezo yote ya jukwaani iliyokuja baadaye.

Mwili wake haukupatikana. Kwa Mitsuhide hilo lilikuwa janga la kisiasa, kwa sababu bila kichwa cha kuonyesha, Hideyoshi aliweza kuwaandikia watu kwamba Nobunaga yu hai, na wakasita.

Nobutada alipopata habari alihamia kasri la Nijo, alimokuwa akiishi mwana wa Kaizari, Sanehito. Mapigano yalisitishwa kidogo ili mwanamfalme na watu wake watoke salama. Kisha yakaendelea, na Nobutada akajipasua tumbo. Angekimbia angeweza kupona, kwa kuwa njia za kutoka mjini hazikuwa zimefungwa zote. Kwangu kifo hiki ndicho kilichouvunja ukoo wa Oda, maana Nobutada alikwisha kukabidhiwa uongozi wa ukoo na alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu wa vita.

Mitsuhide alifanya hivyo kwa nini?

Majibu ya zamani ni ya chuki binafsi: kwamba Nobunaga alimpiga hadharani, kwamba alimfedhehesha kuhusu karamu ya kumpokea Ieyasu, kwamba alimnyang’anya nchi zake. Hadithi hizi nyingi zilinenepa katika enzi ya Edo, yaani ya utawala wa Tokugawa, watu walipokuwa wakizipenda ukumbini.

Jibu ninaloliona lina mashiko zaidi linahusu Shikoku. Mitsuhide ndiye aliyekuwa mjumbe kati ya Nobunaga na Chosokabe Motochika, mbabe wa kisiwa hicho, na Saito Toshimitsu, mtu wake wa karibu, alikuwa na undugu wa ndoa na Motochika. Nobunaga alikuwa amembadilikia Motochika na kuandaa jeshi la kumvamia. Mwaka 2014 zilitangazwa barua za zamani, mojawapo ya mwezi wa 5 mwaka 1582, zinazoonyesha Motochika akiwa tayari kukubali masharti. Lakini jeshi la Nobutaka lilikuwa tayari Osaka, likikaribia kung’oa nanga. Mitsuhide angepoteza heshima ya miaka mingi ya upatanishi, na nafasi yake ndani ya utawala pamoja nayo.

Hilo peke yake halitoshi. Ongeza nafasi: Nobunaga na mrithi wake mji mmoja, walinzi wachache, majemadari wengine wote mbali. Nafasi kama hiyo haikuwa imewahi kutokea.

Yasuke alikuwepo? Alikuwa Mwafrika kutoka wapi?

Alikuwepo Honnoji, kama mtumishi wa Nobunaga. Alifika Japani na Alessandro Valignano, Mwitaliano aliyekuwa mkaguzi wa Wajesuiti katika nchi za Mashariki. Machi 1581 watu wa Kyoto walikanyagana ili wamwone, na Nobunaga akaagiza aletwe. Hakuamini rangi ile ni ya ngozi, akaamuru avuliwe nguo mpaka kiunoni na kuoshwa. Ota Gyuichi aliandika kwamba alionekana kuwa na miaka 26 au 27, mwenye afya njema na nguvu za watu 10. Nobunaga alimpenda, akamchukua kwa Wajesuiti. Nakala mojawapo ya habari za Gyuichi inasema alipewa nyumba na upanga mfupi.

Jina lake tunalipata katika shajara ya Matsudaira Ietada, mtu wa Ieyasu, aliyemwona masika ya 1582 wakati Nobunaga akirudi kutoka vita vya Takeda. Ietada alitaja na urefu wake, unaokaribia sentimita 188, na kwamba alikuwa akilipwa posho.

Alfajiri ya Honnoji, barua za Wajesuiti zinasema, baada ya Nobunaga kufa mtu huyu alikwenda alikokuwa Nobutada na kupigana huko kwa muda mrefu. Mtu wa Akechi alimwendea akamwomba upanga bila kitisho, naye akautoa. Mitsuhide alipoulizwa afanywe nini, alijibu kwa dharau kwamba ni kama mnyama asiyejua kitu, wala si Mjapani, basi asiuawe. Apelekwe kwa mapadri. Wajesuiti walishukuru Mungu kwa hilo. Baada ya hapo hatajwi tena.

Kuhusu asili yake, François Solier, Mjesuiti Mfaransa, aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Jambo hilo lina mantiki, kwani Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa kituo cha meli za Wareno kati ya Lisbon na Goa, na Valignano mwenyewe alipita huko mwaka 1574. Lakini aliandika karibu nusu karne baadaye. Mitandaoni utasoma kwamba Yasuke alikuwa Mmakua, au Myao, au Mhabeshi. Hakuna hati ya wakati wake inayotaja kabila lake wala jina alilopewa na wazazi wake.

Kama alikuwa samurai au la ni ugomvi wa siku hizi kuliko wa siku zile. Mipaka ya daraja hilo ilikuwa bado haijakazwa mwaka 1582. Alikuwa mtumishi mwenye silaha wa bwana mkubwa, analipwa, anaandamana naye vitani. Kila msomaji atalipima hilo apendavyo.

Hideyoshi alijuaje mapema, na alirudije kwa kasi?

Habari zilimfikia usiku wa siku ya 3 ya mwezi wa 6. Hadithi maarufu ni ya mjumbe wa Mitsuhide, aliyetumwa kwa Mori, kupotea njia gizani na kuangukia kambi ya Hideyoshi. Ni tamu mno kuaminika. Jambo la hakika ni kwamba alijua kabla ya Mori, akanyamaza. Alilegeza masharti ya ardhi na kufunga mapatano upesi. Siku ya 4 Shimizu Muneharu alipanda mashua, akaenda katikati ya ziwa mbele ya majeshi mawili, akacheza ngoma ya utenzi, akajipasua tumbo. Mori walipokuja kujua kilichotokea Kyoto, kiapo kilikuwa kimekwisha kutiwa muhuri, nao wakaamua kutomfuata.

Kutoka hapo mpaka Yamazaki, kusini-magharibi ya Kyoto, ni zaidi ya kilomita 200. Siku ya 6 alianza safari, akapita Himeji kwenye ngome yake, ambako inasimuliwa aliwagawia askari hazina na mchele wote, kwa maana kwamba hakuna kurudi kujihami humo. Siku ya 13, yaani 2 Julai, alikuwa uwanjani, akiwa amejiunga na Nobutaka, Niwa na mabwana wa Settsu. Mitsuhide alizidiwa kwa idadi na kushindwa siku hiyohiyo.

Mitsuhide alitawala siku ngapi?

Kumi na moja. Alisambaza fedha za Azuchi na kupeleka zawadi kasri la Kaizari, lakini watu aliowategemea hawakuja. Hosokawa Fujitaka na mwanawe Tadaoki, mkwe wa Mitsuhide mwenyewe, walinyoa nywele za utosi kumwombolezea Nobunaga. Iko barua ya Mitsuhide ya siku ya 9 akiwabembeleza: anasema kwanza alikasirika, kisha akawaelewa, na kwamba baada ya siku 50 au 100 mambo yakitulia ataachia vijana mamlaka. Ni barua ya mtu anayezama.

Baada ya kushindwa Yamazaki alikimbia usiku kuelekea ngome yake ya Sakamoto. Kijijini Ogurusu wanavijiji waliokuwa wakiwavizia askari waliotawanyika walimchoma mkuki, na hapo akafa. Siku chache baadaye mnara wa Azuchi uliteketea, na aliyeuwasha bado anabishaniwa.

Ieyasu alikuwa wapi wakati huo?

Sakai, mji wa wafanyabiashara, akitembezwa kama mgeni wa Nobunaga, na watu kama 30 tu wa kumlinda. Alipopata habari alisema kwanza atakwenda Kyoto akafe na bwana wake, washauri wakamgeuza. Alikatiza milima ya Iga, kwenye majambazi na wanavijiji waliozoea kuua wapita njia walioshindwa vita, akasaidiwa na Hattori Hanzo mwenye asili ya huko na Chaya Shirojiro, mfanyabiashara aliyetawanya fedha njia nzima. Alifika pwani ya Ise, akapanda mashua mpaka Mikawa. Anayama Baisetsu, yule aliyeukimbia ukoo wa Takeda, alikuwa katika msafara huohuo. Alijitenga akapita njia yake, akauawa.

Kikao cha Kiyosu kiliamua nini?

Siku ya 27 ya mwezi wa 6 walikutana katika ngome ya Kiyosu watu wanne: Shibata Katsuie, Niwa Nagahide, Ikeda Tsuneoki na Hideyoshi. Wana wawili wa Nobunaga, Nobukatsu (si yule wa Takeda) na Nobutaka, wote walitaka urithi. Aliyechaguliwa ni Sanboshi, mtoto wa Nobutada, mwenye miaka 3 kwa hesabu ya Kijapani. Ukiwa na mrithi wa umri huo, anayetawala ni anayembeba.

Ardhi ziligawanywa upya. Hideyoshi alipata Yamashiro, nchi yenye Kyoto ndani yake, akamwachia Katsuie ngome yake ya Nagahama. Oichi, dada yake Nobunaga aliyekuwa mjane tangu 1573, aliolewa na Katsuie na kwenda naye kaskazini pamoja na binti zake watatu. Mwezi wa 10 Hideyoshi aliandaa mazishi makubwa ya Nobunaga katika hekalu la Daitokuji. Maiti haikuwapo, ilichomwa sanamu ya mti wenye manukato. Katsuie hakuwapo. Mwaka uliofuata walipigana.

Mashariki na kaskazini kulikuwaje?

Fujo tupu, na ndiko Ieyasu alikovuna. Nchi za Takeda zilikuwa zimegawiwa watu wa Oda miezi mitatu tu nyuma. Kawajiri Hidetaka aliuawa na waasi katika nchi ya Kai; Takigawa Kazumasu alipigwa na ukoo wa Hojo kwenye mto Kanna, akakimbilia kwao Ise na kukikosa kikao cha Kiyosu. Ieyasu, Hojo na Uesugi wakaingia kugombea mabaki. Sanada Masayuki, bwana mdogo wa milimani, alihama kutoka Oda kwenda Uesugi, kisha Hojo, kisha Tokugawa, yote ndani ya mwaka mmoja, na ukoo wake ukapona. Mwishoni mwa mwezi wa 10 Ieyasu na Hojo walipatana kwa ndoa. Ieyasu akabaki na Kai na sehemu kubwa ya Shinano, pamoja na askari wa zamani wa Takeda, ambao wengi aliwakabidhi kijana Ii Naomasa na deraya zao nyekundu.

Kaskazini, ngome ya Uozu ya ukoo wa Uesugi ilianguka siku ya 3 ya mwezi wa 6. Majemadari wake walijiua, na inasimuliwa kwamba walijitoboa masikio wakafunga vibao vya majina ili vichwa vyao vitambulike. Nobunaga alikuwa amekufa tangu jana yake. Habari zilipofika, jeshi la Katsuie likaiacha ngome waliyoimwagia damu.

Binti wa Mitsuhide alipatwa na nini?

Tama, mke wa Hosokawa Tadaoki, hakuachwa wala kuuawa. Mumewe alimficha kijiji cha Midono, milimani Tango, kwa takriban miaka miwili. Baadaye alibatizwa kwa jina la Gracia, na akafa Osaka mwaka 1600 alipokataa kutekwa kama rehani.

Ni kweli Wajapani walipita Afrika Mashariki kwa safari iliyoanza mwaka huo?

Ndiyo. Tarehe 20 Februari 1582 vijana wanne Wakristo wa rika la miaka kumi na kitu waliondoka Nagasaki na Valignano: Ito Mansho, Chijiwa Miguel, Nakaura Juliao na Hara Martinho. Walitumwa kwa niaba ya mabwana watatu wa Kyushu, wa koo za Otomo, Omura na Arima. Walifika Lisbon mwaka 1584, wakapokewa na mfalme Philip wa Pili wa Hispania, na Machi 1585 na Papa Gregori wa 13, yule wa kalenda, wiki chache kabla hajafa.

Wakirudi, upepo uliwakatalia, wakalazimika kungoja msimu kwa miezi kadhaa Kisiwa cha Msumbiji kati ya 1586 na 1587. Pwani yetu haikuwa shwari. Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, alikuwa amepita mwaka 1585 akizivuta bandari za Waswahili ziwaasi Wareno, na mwaka 1587 meli za Wareno kutoka Goa ziliishambulia Faza na kuichoma Mombasa.

Walifika Nagasaki mwaka 1590. Nobunaga, aliyekuwa amewafadhili Wajesuiti, hakuwapo, na Hideyoshi alikuwa amekwisha toa amri ya kuwafukuza mapadri mwaka 1587. Ito alifariki 1612, Hara alikufa uhamishoni Macao mwaka 1629, Chijiwa aliiacha dini, na Nakaura aliuawa kwa kuning’inizwa kichwa chini shimoni mwaka 1633.

Mkulima wa kawaida alihisi lolote?

Alihisi kodi. Mara tu baada ya Yamazaki, Hideyoshi alianza kudai hati za mashamba ya Yamashiro: nani analima nini, na mavuno ni kiasi gani. Upimaji huo ulienea nchi nzima katika miaka iliyofuata, na shamba likawa linaandikwa kwa jina la anayelilima. Watawala wa Tokugawa waliukuta utaratibu huo tayari wakauendeleza. Vita vimechukua kurasa nyingi, lakini kwa mtu wa kijijini daftari hili ndilo lililodumu.

Leo kuna nini cha kuona?

Honnoji iliyopo Kyoto, mtaa wa Teramachi, si mahali penyewe; Hideyoshi alilihamisha hekalu alipoupanga mji upya. Mahali pa awali pana jiwe la ukumbusho tu, katikati ya nyumba za watu. Azuchi kumebaki kuta za mawe na ngazi ndefu, na katika baadhi ya vipandio utaona sanamu za mawe za Kibudha zilizotiwa kama matofali. Takamatsu ni bustani yenye mayungiyungi ya maji na kipande cha tuta. Kama una siku moja tu na ni Aprili, nenda Takato, mkoa wa Nagano: kilele cha ngome aliyofia Nishina Morinobu kimejaa miti ya cheri, na ukichelewa asubuhi hupati pa kuegesha gari.